Acheni Kutuuzia Inchi

Nenda Kariakoo leo, sema unatafuta monita ya kompyuta kwa kuwa ya zamani imekufa. Utaulizwa swali moja tu: "Ya inchi ngapi, bosi?" Ukishajibu, mazungumzo yamekwisha. Hakuna atakayetaka kujua unafanya kazi gani, unakaa mbele ya kioo saa ngapi kwa siku, kompyuta yako ina tundu gani la waya, wala meza yako iko upande gani wa dirisha. Inchi zimetajwa, bei imetajwa, winga ameshaweka boksi begani. Unafika nyumbani, unawasha, na hapo ndipo unapojua kwamba laki mbili na nusu yako imenunua ukubwa wa plastiki.

Biashara hii inapotosha watu, na wanaoumia zaidi ni wenye kipato kidogo. Mwenye nazo akiuziwa kioo kibaya atamwachia mtoto achezee gemu, kesho yake anunue kingine. Aliyeidunduliza hiyo laki mbili na nusu hana kesho hiyo. Atakitazama kioo kibaya miaka minne, mitano, kila siku ya Mungu, huku akijifariji kwa maneno yale yale aliyouziwa nayo: kioo ni kioo tu.

Sikubali. Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho: mwenye bajeti ndogo ndiye anayepaswa kuwa mkali kuliko wanunuzi wote. Aulize paneli kabla ya inchi. Aichague monita ya ofisini iliyotumika vizuri kuliko mpya isiyo na jina wala maelezo. Na shilingi yake isitoke mfukoni kabla kioo hakijawashwa mbele ya macho yake, kwa kompyuta yake mwenyewe.

Mtazame dada wa stesheneri, yule tunayemkimbilia sote siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ajira. Ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu saa mbili asubuhi. Monita yake imeinuliwa juu ya rimu mbili za karatasi za A4 kwa sababu stendi yake haipandi wala haishuki. Kioo kinang'aa na kimeelekea barabarani, kwa hiyo kinamwonyesha bodaboda zinazopita kuliko barua anayoichapa. Amesogeza uso hadi umebaki upana wa kiganja, ili ajue kama pale pana nukta au koma. Jioni kichwa kinamgonga, anameza vidonge viwili vya maumivu, na kesho anarudi pale pale. Mwulize mwenye duka kwa nini alichukua monita ile. Atakujibu ilikuwa rahisi. Rahisi kwa nani?

Mtazame na kijana anayebuni kadi za michango ya harusi. Kamati imechagua zambarau, na sare zimeshashonwa kwa zambarau. Kwenye kioo chake rangi hiyo ipo akikaa wima. Akiinama kidogo inafifia na kuelekea waridi. Mteja aliyesimama nyuma ya bega lake anaona rangi nyingine kabisa. Wanakubaliana juu ya rangi ambayo kila mmoja anaiona kivyake, kisha mashine ya kuchapa inatoa ya nne. Kadi zinakataliwa, karatasi imeliwa, wino umeliwa, na kijana anaambiwa hajui kazi. Kazi anaijua. Aliuziwa kioo kisichofaa kwa kazi hiyo, na aliyemuuzia hakumwambia.

Tuzichambue basi hizo inchi zinazoabudiwa. Inchi hupima mshazari wa kioo, kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Basi. Hazisemi lolote kuhusu kilichomo. Kinachojenga herufi ni pikseli, vile vitone vya mwanga vilivyopangwa kwa safu. Monita yenye pikseli 1366 kwa 768 ina jumla ya pikseli 1,049,088. Yenye 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, karibu maradufu. Ukizitandaza hizo milioni mbili kwenye kioo cha inchi 24, kila inchi moja ya mstari inapata pikseli 92 hivi. Ukizivuta mpaka inchi 27, zinabaki 82. Picha imekuwa kubwa, lakini hakuna kipya kilichoongezeka ndani yake. Herufi zimeanza kuota meno.

Sasa njoo kwa ule ushauri unaotolewa kwa ukarimu mkubwa: "Kwa pesa hiyo si ununue TV ya inchi 32, utumie kote kote?" TV nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768. Hesabu yake inatoka pikseli 49 kwa inchi. Ukiwa umbali wa kochi, taarifa ya habari itakuwa safi. Ukiwa umbali wa mkono, jedwali la hesabu linageuka ukungu. Na usidanganyike ukiona mipangilio ya kompyuta imeandika 1920 kwa 1080. TV hizo hupokea picha kubwa, kisha huibana iingie kwenye pikseli chache zilizopo. Maandishi ya kwenye mipangilio yanakuambia kompyuta imetuma nini. Hayakuambii kioo kinaonyesha nini.

Kwa kazi ya mezani, kwa mtu wa bajeti yetu, jibu linajulikana: inchi 22 hadi 24, pikseli 1920 kwa 1080 au 1920 kwa 1200. Zile safu 120 za ziada za chini si mapambo, zinakuongezea mistari kadhaa ya barua bila kushusha ukurasa. Yeyote anayekuvuta kutoka hapo kwenda inchi 27 kwa pikseli zile zile anakuongezea bei na kukupunguzia ukali wa herufi.

Jambo la pili, ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa, ni aina ya paneli. Za kawaida ziko tatu. TN ndiyo ya zamani na rahisi kutengeneza. Hubadilisha rangi ukiitazama kutoka pembeni, na ukiitazama kutoka chini hugeuka giza. VA ina weusi mzito na inafaa kwa filamu, ingawa rangi zake nazo hufifia kidogo ukihama kati. IPS, iliyoletwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, hushika rangi zake hata ukiwa umekaa pembeni. Zamani IPS ilikuwa ya wapiga picha na wachoraji ramani wenye fedha. Leo imejaa kwenye monita za kawaida za ofisini, mpya na zilizotumika. Hakuna sababu ya mtu anayesoma na kuandika kutwa nzima kuendelea kuuziwa TN kwa bei ambayo ingempatia IPS.

Lakini anauziwa, kwa sababu kwa nje zinafanana. Kwenye rafu utakuta HP E231 na HP E232 zimeegemeana. Zote inchi 23, zote pikseli 1920 kwa 1080, zote za ofisini. Tofauti ni tarakimu moja nyuma ya kasha. Ya kwanza ni TN, ya pili ni IPS, na ya pili ina tundu la HDMI ambalo ya kwanza haina. Utakuta Dell P2412H na Dell U2412M, zote za inchi 24, za zama zile zile. Ya kwanza ni TN yenye safu 1080, ya pili ni IPS yenye safu 1200. Muuzaji anayezipanga pamoja na kuzitaja kwa jina moja, "Dell ya inchi 24", ama hajui anachouza, ama anajua na amenyamaza. Kwa mteja matokeo ni yale yale. Zungusha monita, soma kibandiko cha nyuma, andika namba ya modeli kwenye simu yako utafute sifa zake. Dakika mbili. Muuzaji anayekukataza dakika hizo mbili ameshakujibu.

Namba nyingine zilizobandikwa kwenye maboksi mapya zinanitia hasira zaidi, kwa sababu zimetungwa zionekane za kitaalamu. Boksi linatangaza kontrasti ya milioni kadhaa kwa moja. Namba hiyo hupatikana kwa kupima weupe taa ikiwa imewashwa yote, kisha kupima weusi taa ikiwa imepunguzwa au imezimwa, na kugawanya. Wewe hutaitumia monita ikiwa imezimwa. Kontrasti halisi ya IPS ya kawaida ni kama 1,000 kwa moja, na VA nzuri hufika 3,000 kwa moja. Boksi linalotangaza mamilioni linakupotosha kwa herufi kubwa.

Boksi jingine linatangaza milisekunde moja. Kwenye monita ya hezi 60, kila picha hukaa kioo­ni milisekunde 16.7. Mhasibu, mwandishi na mwanafunzi wa chuo hawapati lolote kutokana na hiyo milisekunde moja, ambayo mara nyingi hupatikana kwa mpangilio maalumu unaofifisha mwanga. Hezi 144, hezi 165, kioo kilichopinda, taa nyekundu mgongoni: hayo yote yanalipiwa, na kwa bajeti ndogo yanalipiwa kwa kupunguza ubora wa paneli, uimara wa stendi na idadi ya matundu. Anayecheza gemu za mashindano anayo haki ya kuchagua hivyo, na ajue anachokichagua. Aliyekuja kununua kioo cha kuandikia tasnifu asiambiwe kwamba hiyo ndiyo "ya kisasa".

Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: kwa laki mbili na kitu, chukua ya ofisini iliyotumika. Kampuni kubwa za Ulaya hubadilisha vifaa kwa ratiba, viwe vimechoka au havijachoka. Kinachoingia kwetu kutoka huko mara nyingi ni monita iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeitazama saa nane kwa siku. Stendi yake inapanda, inashuka, inageuka. Kioo chake ni cha kufifisha mng'ao, kwa hiyo dirisha na bodaboda hazikai ndani yake. Mgongoni ina matundu manne ya skrubu kwa kipimo cha milimita 100 kwa 100, ukitaka kuifunga ukutani. Ukisoma kibandiko cha umeme utakuta volti 100 hadi 240, na iliyotoka Uingereza inakuja na plagi ya miguu mitatu inayoingia moja kwa moja kwenye soketi zetu.

Najua pingamizi. Wapo wanaosema mtumba ni kamari, afadhali kipya chenye waranti. Hoja hiyo ina uzito pale tu kipya kinapokuwa cha mtengenezaji anayejulikana, kimeandikwa IPS wazi, na waranti ina anwani unayoweza kwenda kwa miguu. Ukipata hicho ndani ya bajeti yako, kichukue na usitazame nyuma. Lakini mara ngapi "kipya" kinachotajwa ni boksi lenye jina lisilojulikana popote, lisilotaja paneli, na waranti yake ni neno la mdomo la kijana ambaye mwezi ujao atakuwa kwenye duka jingine? Huo upya ni wa nailoni tu. Ukishaivua, umebaki na kioo ambacho ofisi yenye kujali wafanyakazi wake isingekinunua hata siku moja.

Mtumba nao una mitego yake, na asiyeijua atapigwa. Mtego wa kwanza ni taa. Monita nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 humulikwa na taa za mirija, aina ya CCFL, zenye zebaki ndani. Taa hizo hufifia kwa umri, huelekea unjano, na hula umeme. Chukua mfano wa inchi 24: ya mirija hutumia wati 60 hivi, ya LED wati 20 hivi. Tofauti ni wati 40. Kwa saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo ni uniti 96. Kwa mteja anayepata uniti 28 kwa kila elfu kumi ya LUKU, ni zaidi ya shilingi 34,000 kila mwaka. Aliyekupunguzia elfu thelathini ili uchukue ya mirija hakukupunguzia kitu; ameihamishia kwenye bili yako ya umeme, na utailipa tena mwaka unaofuata.

Mtego wa pili ni matundu ya waya. Laptopu nyingi zina HDMI. Monita nyingi nzuri za ofisini za miaka ya 2011 hadi 2014 hazina HDMI. Zina VGA, DVI na DisplayPort. Hapo muuzaji anakuuzia adapta ndogo ya bei chee, unafika nyumbani giza. Ishike hii kichwani: adapta ya kawaida ya DisplayPort na HDMI hufanya kazi upande mmoja, kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI. Kurudi nyuma, kutoka laptopu yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort, kunahitaji kigeuzi chenye umeme wake, na ni ghali. Suluhisho la bei nafuu lipo kwenye tundu la DVI, kwa sababu waya wa HDMI kwenda DVI hupitisha picha ile ile ya kidijitali bila kigeuzi chochote. Sauti haitapita, tumia spika za laptopu. Hili lingeweza kusemwa na kila muuzaji kwa sentensi moja. Halisemwi, kwa sababu adapta nayo ni bidhaa.

Mtego wa tatu ni kujaribiwa kwa VGA. Tundu hilo lililetwa na IBM mwaka 1987, na hupeleka picha kwa mawimbi. Waya mwembamba ukitumika, herufi zinapata kivuli. Muuzaji atakuambia, "Huo ni waya tu, kaka, kioo kiko safi." Huenda ni waya kweli. Huenda ni kioo. Kwa VGA hutajua, na kutokujua kwako ndiko kunakomlipa. Beba waya wako wa kidijitali.

Hapa ndipo ninapowashangaa Watanzania wenzangu. Pale soko la mitumba la Karume, mtu akinunua shati la elfu tano hulipindua ndani nje, huvuta mshono, hutafuta doa kwapani, hujaribu kila kifungo. Mtu huyo huyo akinunua monita ya laki mbili na nusu huridhika kuona maandishi ya buluu ya kiwandani yakielea kwenye kioo kisichounganishwa na kitu. Mwenye macho haambiwi tazama, wahenga walisema. Basi tazameni.

Nenda na laptopu yako. Unganisha. Fungua ukurasa mweupe mtupu uujaze kioo chote, kisha kaa utazame kwa utulivu: madoa ya kijivu, michirizi, pembe zilizoungua na kuwa za njano, vivuli vya maandishi ya zamani yaliyogandia. Badilisha uwe mweusi mtupu, kinga mwanga kwa mwili wako, tafuta nukta zinazong'aa na mwanga unaovuja kingoni. Weka nyekundu, kijani, buluu, moja moja. Nukta iliyokufa itajitokeza. Sogea pembeni, kisha chuchumaa utazame kwa chini. Kikigeuka giza, hiyo ni TN, haijalishi umeambiwa nini. Punguza mwanga hadi nusu, elekeza kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea, taa inazimika na kuwaka kwa kasi, na wako watu ambao jambo hilo huwapa maumivu ya kichwa. Bonyeza kila kitufe. Ingia kwenye menyu: monita kadhaa za HP za ofisini huonyesha humo saa ambazo taa imewaka. Pandisha stendi, ishushe. Iache iwake robo saa, kwa maana kapasita mbovu hujificha mwanzoni na kujifichua ikipata joto.

Winga atakuhimiza. Atasema kuna mteja mwingine anakuja kuichukua, atasema umeme unakatika, atasema "niamini mimi, mdogo wangu". Mwache aseme. Pesa bado iko mfukoni mwako, na ikiwa huko wewe ndiye mwenye neno la mwisho. Ikitoka, neno la mwisho ni la kile kibao kilichopigiliwa ukutani nyuma yake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Kibao hicho kimetutisha vya kutosha. Sheria zetu za mauzo zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Wenzetu wa Kenya wameliandika hili hadi kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 46: mtumiaji ana haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na ya taarifa anazozihitaji ili afaidike nayo. Ukiambiwa IPS ukapewa TN, umepotoshwa, na kipande cha mbao hakiufuti upotoshaji huo. Lakini haki bila ushahidi ni maneno. Dai risiti ya EFD, na dai iandikwe modeli kamili pamoja na namba ya kifaa. Risiti iliyoandikwa "monita 1" haimlindi mtu yeyote isipokuwa aliyeitoa.

Siwaachi na wanunuzi wa maofisini. Zabuni ngapi za shule, vyuo na halmashauri zinaandika "monita, inchi 22, idadi 40" na kuishia hapo? Anayeandika hivyo amewafungulia mlango wauzaji wa takataka, kwa sababu mwenye bei ya chini kabisa ndiye atakayeleta paneli mbaya kabisa, na kwa maandishi yale hatakuwa amekosea popote. Mistari minne tu ingetosha: aina ya paneli, idadi ya pikseli, matundu, stendi inayopanda na kushuka. Kuandika mistari hiyo hakugharimu hata senti, na wanafunzi watavitazama vioo hivyo miaka mingi baada ya aliyesaini kuhamishwa kituo. Na vikifa mapema vitakwenda jalalani, kana kwamba dunia haijatosheka: Umoja wa Mataifa ulikadiria taka za kielektroniki za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kurejelezwa ipasavyo.

Na pale macho yanapoanza kulalamika, biashara nyingine inatusubiri mlangoni: miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio 17 yalionyesha kwamba huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida. Monita haikupofushi, tusitishane. Inachofanya ni kukukodolesha: ukikaza macho mbele ya kioo unapepesa mara chache, jicho linakauka, shingo inakakamaa, kichwa kinauma. Tiba yake ni herufi zinazosomeka bila kukodoa, kioo kisichorudisha dirisha, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja, mwanga wake ulingane na wa chumba, na kuinua macho kutazama mbali kila baada ya muda. Pesa ya miwani hiyo iongeze kwenye paneli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayekwenda dukani wiki hii, usikubali swali la inchi liwe la kwanza. Anza wewe: "Paneli gani? Pikseli ngapi? Modeli namba ngapi? Ina matundu gani? Niiwashe." Asiyeweza kujibu, mwache na mzigo wake, maduka ni mengi. Nanyi wafanyabiashara, andikeni hayo manne kwenye kibandiko cha bei, kando ya inchi, kwa mkono mkiwa hamna mashine. Anayeuza monita bila kuyataja ana jambo analolificha, na mteja mwenye pesa kidogo ndiye mtu wa mwisho anayestahili kufichwa.